Chuma cha Katikati

Wape wazee wawili wenye heshima zao kazi ya kuchagua lori na tela, halafu wewe kaa pembeni utazame vituko. Sabaha hakupata nafasi ya kukaa pembeni. Alikuwa katikati ya yadi ya Nachingwea, jua la mwisho wa kiangazi likimchoma utosi, kanga kaifunga kiunoni, akipiga mbio kutoka kwa mzee huyu kwenda kwa mzee yule mpaka kubazi lake likakatika kamba. Akalivua, akalishika mkononi, akaendelea kukimbia.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na mbili. Wazungu walikuja na karanga zao, wakang'oa misitu, wakaleta mitambo ya kila aina, na karanga zikakataa. Sasa mitambo ile ilikuwa imepangwa mistari yadini, malori, matela, matrekta, na mwenye pesa alikaribishwa kuchagua. Mikidadi, mume wa Sabaha, alikuwa dereva wao. Kabla ya hapo aliendesha malori ya jeshi huko Burma, akarudi mzima. Karanga zilipokufa akaambiwa asante, nenda nyumbani. Nyumbani kwenyewe ni Narung'ombe, kwa mkewe, maana kwa watu wa huku mume ndiye anayehamia kwa mke. Na Narung'ombe mwanamume alipimwa kwa jembe la mkono. Usukani haukuwa kipimo cha mtu yeyote.

Ndipo akatokea Seleman, mwenyekiti wa wakulima wa ufuta wa Ruangwa. Wakulima wake walikuwa wamekodi trekta la minyororo wafungue mapori, na trekta lenyewe lilikuwa limekaa Nachingwea linangoja wa kulibeba. Trekta la minyororo haliendi barabarani lenyewe. Linajikokota kama mgonjwa na kila linapopita linaacha mtaro, na ofisi ya wilaya ilishapiga marufuku. Seleman alisema wazi: atakayelifikisha Ruangwa kabla ya mvua ya kwanza ndiye atakayewabebea mitambo yao yote, msimu huu na ijayo. Asipopatikana, kazi itakwenda kwa tajiri mmoja wa Lindi mwenye magari yake.

Mikidadi aliposikia habari ile hakula chakula cha jioni. Sabaha alimtazama, akajua. Akaanza kuzunguka kwa wajomba.

Kwa nini wajomba? Kwa sababu mali ya watu hawa hufuata upande wa mama. Cha mume ni cha mjomba wake na dada zake, cha mke ni cha mjomba wake na ndugu zake, na vitu vya mume na vya mke havilali ghala moja. Kwa hiyo mzee Abdala wa Nambambo, mjomba wa Mikidadi, akachangisha ufuta wa ukoo wake kununua lori. Mzee Yunusi wa Narung'ombe, mjomba wa Sabaha, akachangisha wa kwake kununua tela. Tela tu. Alikubali kwa shingo upande, tena akaweka sharti mbele ya watu.

"Mvua ya kwanza ikinyesha trekta halijafika Ruangwa," alisema, "nalirudisha tela langu nyumbani, na huyu bwana akunje mkeka wake arudi kwao Nambambo. Nimechoka kulisha dereva asiye na gari."

Si maneno ya kutishia nyau. Mzee Yunusi alikwisha kumfukuza mume wa Biasha, dada yake Sabaha. Yule mtu aliondoka alfajiri, mkeka kwapani, na hakuna aliyemdai hata kuku. Anayefukuzwa hadaiwi kitu huku kwetu, maana si mtu wako tena. Sabaha aliyaona yale kwa macho yake. Na yeye Sabaha alimpenda mumewe, tuseme wazi tu, alimpenda mno, na alikuwa tayari kupigana na yeyote kwa ajili yake, hata kama ni mjomba aliyemlea.

Sasa sikia balaa lenyewe. Yadini pale mtu aliyejua magari alikuwa mmoja tu, Mikidadi, na mdomo wake ulikuwa umefungwa. Mkwe hambishii mjomba wa mkewe, wala hampandishii sauti. Akifanya hivyo anatozwa jogoo. Na mjomba wake mwenyewe, mzee Abdala, huwezi kumkosoa mbele za watu ukabaki na adabu. Kwa hiyo Mikidadi alikuwa akimnong'oneza mkewe, na mkewe ndiye aliyekimbia.

Mzee Abdala alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kofia nyeupe iliyopigwa pasi. Alisimama mbele ya lori la jeshi la magurudumu kumi, boneti lake limemfika kifuani, akawa analipigapiga ubavuni kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Hili," alisema. "Hili likitoka Nachingwea, Nambambo wanaliona."

"Mama Mwamini," Mikidadi akamnong'oneza mkewe, "mwambie mjomba lile liko juu mno. Ndoano yake ya nyuma iko kiunoni kwa mtu. Tela la kubebea trekta lazima liwe chini, karibu na ardhi, trekta lipande bila kupinduka. Vitashikana wapi? Achukue lile fupi la kijani. Lina gia ya chini kabisa, ya kushukia vilima."

Sabaha akakimbia. "Baba, shikamoo tena. Wanasema lile la kijani ndilo zuri."

"Marahaba. Nani wanasema?"

"Watu wanaojua magari, baba."

"Watu wanaojua magari hawajachanga hata punje ya ufuta," mzee Abdala akajibu. "Ukoo mzima umetoa jasho, nirudi na gari fupi? Wanawake wa Nambambo watanicheka kisimani."

Huyo, mbio upande wa pili. Mzee Yunusi, mfupi, mnene, mkulima wa kweli kweli, alikuwa amepiga magoti kwenye tela, sikio kaliweka kwenye mbao, anagonga kwa kifundo cha kidole.

"Mninga mtupu," alisema, macho yanamng'aa. "Mchwa hawali huu. Wajukuu zako watalikuta."

"Mjomba, tela hilo halina breki. Lile la kule kwenye uzio ni baya la sura lakini lina breki zake lenyewe."

"Breki za nini?"

"Za kusimamia, mjomba."

"Ala! Mimi nanunua kitu cha kwenda, wewe unaniletea habari za kusimama!" Akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Kasimame wewe na huyo aliyekutuma."

Sabaha akaona hapa atapasuka. Akawaomba jambo moja tu: kabla ya kulipa, lori lisogezwe nyuma mpaka kwenye tela, wote wawili watazame. Dakika chache tu, wazee wangu.

"Nikasimame kwenye mali ya ukoo wa Yunusi?" mzee Abdala akasema. "Kesho likivunjika atasema mkono wangu ulikuwemo."

Alipofika kwa mzee Yunusi, majibu yalikuwa yale yale, isipokuwa jina. Ndilo jambo pekee walilokubaliana siku ile.

Wakalipa. Kila mtu kwa dirisha lake, kila mtu kwa fahari yake. Mikidadi akapanda lori, akalirudisha nyuma taratibu mpaka kwenye tela, akashuka kutazama. Ndoano ya lori ilimfika Sabaha kiunoni. Jicho la mkono wa tela, lile tundu la kuunganishia, lilimfika gotini.

Wazee wakasema kwa pamoja. Lori lako refu! Tela lako fupi! Rudisha lako! Rudisha wewe! Karani wa yadi akatoka kibandani, akawaambia kilichouzwa kimeuzwa, wazee wangu, mngetazama kabla, akarudi kunywa chai yake.

Hasira ilimpanda Sabaha mpaka masikioni. Angekuwa mwanamume, au angekuwa hana adabu, angewagonganisha vichwa vyao na kofia zao. Lakini alimwona Mikidadi amesimama kando, anafuta kioo cha lori kwa kiganja, polepole, kama mtu anayeaga. Hapo akapiga moyo konde. Akasema ndani ya nafsi yake, hakunji mkeka mtu hapa. Akaenda kumtafuta Eustakio.

Eustakio alikuwa Mmakua, Mkristo aliyetoka upande wa Msumbiji, fundi chuma wa karakana ya karanga. Sasa alikuwa na kibanda chake karibu na soko, mifuo miwili ya kupulizia moto na fuawe moja. Alikuja, akachuchumaa kati ya lori na tela, akatazama juu, akatazama chini, akakuna kidevu.

"Dawa ipo," alisema. "Nachukua chuma cha jembe la trekta bovu, nakipiga kiwe kama uma. Juu kinashika kwenye ndoano ya lori, chini kinafika usawa wa jicho la tela. Pini inapita hapo, mnakwenda zenu. Lakini kazi ina gharama. Nalipwa na nani, upande wa lori au upande wa tela?"

"Lori langu halina ubovu," akasema mzee Abdala.

"Tela langu ni zima," akasema mzee Yunusi.

"Basi chuma cha katikati ni cha nani?" Eustakio akauliza.

Wazee wakatazama mawingu. Kweli kabisa walitazama mawingu, na mawingu yenyewe yalikuwa machache. Kila mmoja aliogopa kulipia kitu ambacho nusu yake ingemfaa mwenzake.

Sabaha alikuwa amekuja Nachingwea na gunia la ufuta wake mwenyewe, wa kishamba kidogo alichokilima peke yake, anunue nguo yake na ya mtoto wao Mwamini. Alikwenda, akalibeba kichwani, akalitua mbele ya Eustakio.

"Mjomba," alisema, "nakuuliza mbele ya fundi. Chuma hiki unakitaka?"

"Sikitaki."

"Baba mkwe?"

"Sina haja nacho."

"Basi ni changu. Chuma cha katikati ni changu mimi, Sabaha, na msije mkasema hamkusikia."

"Chukua, mwanangu, uvae shingoni," mzee Yunusi akasema, na wazee wote wawili wakacheka, wakaenda zao kuswali na kula wali.

Eustakio alifua chuma alasiri yote. Alipokwisha kukifunga kwenye lori na tela limesogezwa, akatoa pini, nene kama mpini wa shoka, akaanza kuipimia mahali pa kutoboa tundu.

"Hilo tundu la nini?" Sabaha akauliza.

"La kupitishia waya, pini isichomoke. Mkitaka kutenganisha lori na tela, mnatoa waya, mnachomoa pini."

"Nani anaweza kuichomoa?"

"Yeyote mwenye mkono."

"Basi usitoboe," Sabaha akasema. "Ipashe moto. Ikishapita, igonge juu na chini, ifanye vichwa viwili. Isitoke."

Eustakio akaweka nyundo chini. "Dada, umechoka na jua. Lori litakwenda kila mahali na tela? Hata msibani? Hata dereva akienda kununua sigara?"

"Litakwenda."

"Siku mkitaka kuitoa mtaikata kwa msumeno, na itawachukua kutwa."

"Ndiyo ninachokitaka," Sabaha akasema. "Nina mjomba mbele na mjomba nyuma, Eustakio. Siku wakigombana, na watagombana, mmoja ataondoka na lori na mwingine ataondoka na tela, na mume wangu ataondoka na mkeka. Mimi sina lori wala tela. Nina hiki chuma tu. Gonga."

Eustakio akaokota nyundo. Akavuta mifuo. Mikidadi, aliyekuwa akimshikia koleo, alimtazama mkewe, akatazama pini ilivyokuwa nyekundu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akacheka.

"Kona litakunja vizuri," alisema. "Ila kurudi nyuma, Mama Mwamini, nitaona cha mtema kuni."

"Utaona ukiwa mume wangu," Sabaha akamjibu.

Vichwa vya pini vilipopoa akavipaka grisi, akavizungushia kitambaa. Wazee waliporudi waliona kitambaa chenye grisi, wakaona ni mambo ya kifundi.

Asubuhi walipakia trekta. Na tuseme haki, mzee Yunusi alijua mbao. Lile dude lilipanda na minyororo yake yote na mninga haukulia. Na mzee Abdala naye, lori lake lilipoondoka, lilivuta mzigo ule kama si kitu, likapanda vilima vya Marambo bila kukohoa. Mzee alikaa mbele karibu na dereva, mkono nje ya dirisha, akiwasalimu hata wasiomsalimu. Mzee Yunusi alikataa kukaa mbele. Kwake lori lilikuwa la watu. Alikaa nyuma juu ya kiti cha trekta, mwavuli kaufungua, analinda tela lake.

Na Sabaha? Sabaha alikaa nyuma kabisa ya tela, miguu inaning'inia, na magogo mawili ya mpingo pembeni yake. Kwa kuwa tela halikuwa na breki, kila mteremko aliruka chini, akatembea kando ya gurudumu na gogo mikononi, tayari kulitupia. Vumbi lilimwingia puani na mdomoni. Mjomba wake alimtazama kutoka chini ya mwavuli.

"Unajichosha bure, mwanangu," alisema.

"Nasimamia, mjomba," Sabaha akajibu, na mzee akajidai kutazama mashamba.

Upande wa Ruangwa mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Kila walipopanda kilima wingu lilikuwa limesogea. Mikidadi aliendesha bila kusema, na Sabaha aliomba Mungu bila kunyamaza.

Kabla ya kufika Ruangwa kulikuwa na mteremko mmoja mrefu, unashuka mpaka kwenye kijito, kulia ukingo wa udongo, kushoto korongo. Mikidadi aliingiza gia ndogo aliyokuwa nayo. Ile ndogo zaidi ilibaki yadini ndani ya lori fupi la kijani. Walipofika nusu, uzito wa trekta ukaanza kulisukuma lori. Injini ikapiga kelele. Harufu ya breki za lori zinazoungua ikajaa njia nzima. Sabaha akatupia gogo lake gurudumu la kulia, likashika, likaburuta, na tela likaanza kugeuka, mkia wake unakwenda kushoto. Unakwenda korongoni.

Gogo la pili lilikuwa juu ya tela, limeviringika mpaka chini ya miguu ya mzee Yunusi. Sabaha alikuwa upande wa kulia, na kuzunguka hakukuwa na nafasi. Alifungua mdomo amwite mjomba wake, vumbi likamkaba, sauti haikutoka.

Kichwa cha Mikidadi kikatokea dirishani.

"Yunusi!" Hakusema mzee, hakusema mjomba. "We Yunusi! Shuka! Chukua gogo! Weka kushoto! Kushoto, nakwambia! Upesi!"

Yarabi! Katika miaka yote ya ndoa ile hakuwahi kumwambia mzee yule neno bila kuinamisha macho. Na mzee Yunusi, na kitambi chake, na miaka yake, akatii. Mwavuli ukaruka ukaenda zake. Akateleza kutoka kwenye trekta, akakumbatia gogo, akaanguka nalo, akainuka nalo, akalisukuma chini ya gurudumu la kushoto kwa mikono miwili na kifua. Tela likatetemeka. Likasimama, tairi la nyuma likiwa karibu na mdomo wa korongo kiasi kwamba mawe madogo yaliendelea kuporomoka peke yake.

Mzee Abdala akateremka, kofia imekaa upande.

"Tela lako lilitaka kuniua!"

"Lori lako ndilo lililotaka kunitupa korongoni!" mzee Yunusi akajibu, mdomo umejaa udongo. "Basi! Sikubali hata hatua moja. Toeni pini. Lori liende zake, tela langu litabaki hapa mpaka nipate watu wa kulirudisha Narung'ombe."

"Toa pini!" mzee Abdala naye akafoka. "Gari langu halikuja kuuawa."

Mikidadi hakusogea. Alimtazama Sabaha. Sabaha alikuwa ameegemea tela, na alijua ndiyo saa yenyewe. Mzee Yunusi hakungoja mtu. Akainama, akachana kile kitambaa, akapapasa chini ya pini. Kichwa. Mzee Abdala akapapasa juu. Kichwa. Wakainua macho, wakatazamana juu ya kile chuma. Kwa mara ya kwanza walikuwa wanatazama kitu kimoja.

"Nani kafanya hivi?" mzee Yunusi akauliza.

"Mimi," Sabaha akasema.

"Wewe?"

"Mimi, mjomba. Chuma ni changu. Niliwauliza wote wawili mbele ya Eustakio, mkakikataa, mkaniambia nivae shingoni. Haya, nimekivaa. Baba mkwe, chukua lori lako. Mjomba, chukua tela lako. Lakini chuma changu msikiguse." Sauti ilikuwa imerudi sasa, tena ilikuwa kubwa. "Nilipiga mbio yadini mpaka kubazi likakatika, hakuna aliyenisikiliza. Mlinunua kama watu wanaogombea shamba, na mtu anayejua magari mkamwacha kando kwa sababu ni mkwe! Mimi sitaki kuwa kama Biasha. Sitaki kumwona mume wangu na mkeka kwapani. Nampenda. Nimesema. Kama ni aibu, iwe aibu. Wingu lile pale mnaliona. Mjomba, shika gogo hilo la kushoto. Baba, shika hili la kulia. Mimi natangulia kumwonyesha njia."

Mzee Abdala alitazama mteremko uliobaki, akatazama lori lake, akavua koti, akaliweka juu ya kiti. Mzee Yunusi alisimama kidogo, anapumua kwa nguvu. Kisha akainama kwenye gogo lake.

Wakashuka hivyo. Sabaha mbele akirudi kinyumenyume, mikono juu, kulia kidogo, simama, haya. Mikidadi akiachia lori kidogo kidogo. Na wale wazee wawili, mmoja huku mmoja huku, wakitupia magogo na kuyaokota, wakitupia na kuyaokota, jasho linawatiririka. Mzee aliyekataa kununua breki akawa breki mwenyewe mpaka chini kabisa kwenye kijito. Njiani Sabaha alimsikia akimwambia mwenzake, "Abdala, mapema kidogo upande wako," na mwenzake akajibu, "Sawa."

Walifika Ruangwa alasiri. Seleman alikuwa amesimama na watu wake, na tajiri wa Lindi alishapelekewa salamu akae tayari. Mikidadi aliteremsha trekta mwenyewe, minyororo ikagusa udongo, wakulima wakashangilia. Matone ya kwanza yalianza kuanguka Seleman akiwa bado analikagua lile dude. Akafuta maji usoni, akampa Mikidadi mkono.

"Kazi ni yako, bwana dereva," alisema. "Msimu huu na ijayo."

Sabaha alitaka kupiga vigelegele. Lakini mzee Yunusi alikuwa amenyanyua mkono. Alikuwa matope toka kichwani mpaka miguuni, na mwavuli wake ulikuwa umebaki kwenye korongo.

"Mimi nina kesi," alisema.

Watu wakamgeukia.

"Huyu bwana alinipigia kelele njiani. Aliniita jina langu kavu, Yunusi, kama anayemwita kuli. Mzee Abdala ni shahidi. Mkwe hafanyi hivyo."

"Ni kweli," mzee Abdala akasema kwa huzuni. "Nilisikia."

"Sasa namtoza," mzee Yunusi akaendelea. "Nadai jogoo. Tena sitaki jogoo wa kununua sokoni. Nataka aliyelelewa kwenye banda lake mwenyewe, nyumbani kwake, Narung'ombe. Nitamngoja mpaka akue."

Sabaha alisimama kwenye mvua, hajaelewa. Kisha akaelewa. Mume wa Biasha hakudaiwa hata kuku. Akageuka, akaegemea minyororo ya lile trekta, akalia mbele ya watu wote bila kujificha.

Mikidadi aliinamisha macho kama ilivyo adabu, akasogea karibu na mkewe, akanong'ona. "Mama Mwamini, mwambie mjomba jogoo atapatikana."

"Anasema atapatikana, mjomba," Sabaha akasema, kamasi na machozi.

"Nimesikia, mimi si kiziwi," mzee Yunusi akajibu. "Sasa mwambie ageuze gari, turudi nyumbani."

Mikidadi akapanda kuligeuza. Pini haikutoka, njia ilikuwa nyembamba, na mvua ilikuwa imeshika kweli kweli. Wazee wawili walisimama nyuma ya tela, bega kwa bega, wakimpigia kelele wote wawili kwa pamoja, kulia, kushoto, mpaka wakati wa magharibi.